IST, Rush, RAV4 au Harrier? Kuchagua ukubwa wa gari ukiwa Dar

Mwenye akiba ya gari la kwanza Dar hakosi washauri. Fundi atamwambia achukue IST. Shemeji atamwambia asijidhalilishe, ajikaze afike Harrier. Dalali atamsifia chochote kilichobaki yadi. Mazungumzo yatazunguka bei, mafuta, spea, na kama usajili wake ni wa namba D au namba E. Ni nadra mtu kuuliza gari lina upana gani, au boneti lake linamfika mtoto wapi.

Mimi naanzia huko, kwenye ukubwa wenyewe, na msimamo wangu nautoa mapema: wengi wanaolipia gari kubwa jijini, wanachokihitaji hasa ni gari lililo juu. Hayo ni mambo mawili, na gharama zake hazifanani.

Vipimo vya kiwandani vya magari saba ya Toyota ambayo huwezi kumaliza siku Dar bila kuyaona ni hivi. Mwaka ulio kwenye mabano ni wa toleo kuanza kuuzwa Japani.

| Gari | Urefu (m) | Upana (m) | Siti |
|---|---|---|---|
| Vitz (2005) | 3.75 | 1.695 | 5 |
| IST (2002) | 3.86 | 1.695 | 5 |
| Rush (2006) | 4.00 | 1.695 | 5 |
| Sienta (2003) | 4.10 | 1.695 | 7 |
| RAV4 (2005) | 4.34 | 1.815 | 5 |
| Harrier (2003) | 4.73 | 1.845 | 5 |
| Prado (2009) | 4.76 | 1.885 | 5 au 7 |

Angalia safu ya upana. Magari manne ya kwanza, kila moja na sura yake, yanalingana hadi milimita. Sheria ya Japani inalihesabu gari kuwa dogo endapo halizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na, kwa injini ya petroli, cc 2,000. Kwa miaka mingi aliyevuka mstari huo alikamuliwa kodi, kwa hiyo wahandisi walichora gari hadi ukingoni wakabakiza milimita tano.

Mwaka 1989 Japani ilirekebisha kodi zake, adhabu ya kuvuka mstari ikapungua sana, na magari mapana yakaanza kuongezeka, ingawa mengi madogo yaliendelea kuchorwa hadi ukingoni. IST ya pili, ya 2007, ilitoka na upana wa mita 1.725. Corolla ya 1966 ilikuwa na urefu wa mita 3.85 na upana usiofika mita 1.5. Kufika 2019 hata saluni ya Corolla inayouzwa kwao Japani ilikuwa imeshavuka mstari wa mita 1.7.

Marekani walifika huko kwa njia nyingine. Baada ya mafuta kuadimika mwaka 1973, mwaka 1975 ilipitishwa sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wafikie wastani fulani wa matumizi ya mafuta. Malori madogo, yale ya wakulima na mafundi, yaliwekewa masharti mepesi kuliko saluni. Upenyo ukaonekana: gari la familia likinyanyuliwa na kupewa umbo la kupita porini, linahesabiwa kundi la malori. SUV zikashamiri humo.

Tena kulikuwa na ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo yanayotoka nje. Uliwekwa mwaka 1964 kutokana na ugomvi wa biashara ya kuku kati ya Marekani na Ulaya (ndiyo, kuku hawa hawa), na haujafutwa mpaka leo. Ukawapa watengenezaji wa kule kinga nzuri kwenye magari makubwa. Halafu katika muongo wa 2010 kiwango cha mafuta kikafungamanishwa na eneo lililo kati ya magurudumu manne. Gari likitanuka, linadaiwa kidogo. Sheria iliyotungwa kubana mafuta ikawa inamtuza anayetanua gari.

Usalama nao una sehemu yake, na hapa sina ugomvi na mtu. Milango imenenepa kwa vyuma vya kuzuia kugongwa ubavuni, pua imerefushwa ili ikunjike badala ya miguu yako, na mifuko ya hewa inataka nafasi. Volkswagen Golf ya 1974 ilikuwa na urefu wa mita 3.7, ya sasa ina mita 4.28. Sehemu ya ongezeko hilo imeokoa watu.

Sababu ambayo haiandikwi kwenye vipeperushi ni faida. Harrier ya kwanza, ya 1997, ilijengwa juu ya msingi wa Camry. Ni Camry iliyovaa viatu virefu. Gari la namna hiyo linauzwa ghali kuliko saluni iliyolizaa, na gharama ya kulitengeneza haipandi kwa kiasi hicho. Ungekuwa wewe mwenye kiwanda ungetangaza lipi kwenye runinga?

Matokeo yake, Shirika la Kimataifa la Nishati linasema SUV zilikuwa asilimia 48 ya magari yaliyouzwa duniani mwaka 2023. Ulaya, taasisi ya Transport & Environment ilikuta magari mapya yanatanuka sentimita moja kila miaka miwili, na wastani wa upana ukapita sentimita 180 mwaka huo huo. Yakichoka huko yanapanda meli. Kinachopangwa yadi zetu leo ni maamuzi ya watunga kodi na watengenezaji wa miaka kumi na zaidi iliyopita, na mnunuzi wa Tandika au Mbezi hakuulizwa.

Sasa turudi Dar.

Watu wengi wanaamini kodi ndiyo inayotofautisha gari dogo na kubwa. Piga hesabu uone. TRA, mamlaka ya mapato, inatumia thamani iliyo kwenye mfumo wake, si risiti uliyopewa na muuzaji wa Japani. Tuseme gari limethaminiwa milioni 10 hadi kufika bandarini na umri wake umezidi miaka 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini ni sifuri hadi cc 1,000, asilimia 5 hadi cc 2,000, na asilimia 10 ukizidi hapo. Juu yake kuna asilimia 30 ya uchakavu kwa gari la zaidi ya miaka 10, au 15 kwa la miaka 8 hadi 10. Kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote.

Ukiacha tozo ndogo za reli, forodha na usajili, Vitz ya cc 996 inakupeleka kwenye kodi ya kama milioni 9.2. IST ya cc 1,496 ni milioni 9.9. Harrier ya lita 2.4 ni milioni 10.65. Thamani ikiwa sawa, kutoka dogo kabisa hadi kubwa tofauti haifiki milioni moja na nusu. Lakini Harrier hiyo hiyo ingekuwa chini ya miaka 8, kodi ingeshuka hadi milioni 6.2. Kodi yetu inapiga vita uzee wa gari; ukubwa inaugusa kwa mbali. Na inagusa cc tu. Harrier ya 2013 yenye injini ya lita 2.0 iko kundi moja na IST, ingawa ina upana wa mita 1.835 na ikiegeshwa Posta inameza nafasi yake yote na kipande cha jirani. Kwa hiyo anayekutisha kwamba "kubwa litakuua kwa kodi" amekosea mahali pa kukutishia. Kabla ya kulipa chochote ingia kwenye kikokotoo cha TRA mwenyewe, maana viwango hubadilika bajeti ya Juni ikisomwa.

Gari kubwa linakuumiza sheli. IST ya lita 1.5 kwenye foleni zetu, ukiendesha kistaarabu, inakwenda kilomita kama 12 kwa lita. Harrier ya lita 2.4, ile ya 2003 iitwayo Tako la Nyani mtaani, ikifika 8 shukuru. Tuchukue kilomita 1,000 kwa mwezi na lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi (bei halisi EWURA, mdhibiti wa nishati, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi). IST itakula shilingi 250,000, Harrier 375,000. Kwa mwaka pengo ni milioni moja na nusu, na hujagusa tairi. Vitz inavaa inchi 14, Harrier na RAV4 za toleo hilo nyingi zinavaa inchi 17, Prado inavaa inchi 17 pana zaidi. Ulizia bei za tairi nne nne Kariakoo siku moja kabla ya kwenda yadi. Kumbuka pia kwamba mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari na kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo mwenye gari linalokunywa sana analipa leseni kila anapojaza.

Kwenye nafasi, dogo linashinda bila ubishi. Simama Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, saa tano asubuhi. Upande huu Canter inashusha marobota, upande ule mkokoteni umejaa maboksi ya vyombo, katikati bajaji mbili zinabishana nani arudi nyuma. IST inakunja kioo cha pembeni, inapanda kidogo ukingo wa mtaro, inapita. Harrier nyuma yake inasimama. Dereva anashusha kioo, anamwomba utingo asogeze robota moja, anasubiri, na kwa wakati huo mchuuzi wa soksi ameshamwekea pea tatu dirishani. Kilichowatofautisha ni sentimita 15 za upana. Urefu nao unazidi kwa karibu sentimita 90, ambazo utazikumbuka unapotafuta pa kuegesha. Ada ya maegesho inahesabu muda uliokaa, haihesabu urefu, kwa hiyo anayeegesha Passo na anayeegesha Prado wanalipa sawa. Paris wamekwenda kinyume: wananchi walipiga kura Februari 2024, na tangu Oktoba mwaka huo gari la mafuta la mgeni lenye tani 1.6 na zaidi linalipa ada mara tatu kuegesha. Sioni hilo likija Ilala karibuni.

Nyumbani pia pima. Jirani mmoja wa Tabata aliingiza Prado kwenye ua uliojengwa enzi za saluni. Geti lilipitisha gari, lakini ndani mlango wa dereva haukufunguka zaidi ya shibri moja kwa sababu ya ukuta. Akawa analiacha nje na kumlipa mlinzi wa mtaa.

Basi kwa nini watu wasichukue dogo yaishe? Kwa sababu ya kilomita ya mwisho. Lami inaishia Goba, Madale, Kinyerezi au Chanika, na kuanzia hapo ni makorongo, mawe na matuta ya mchanga yaliyopangwa na wakazi wenyewe. IST ina kama sentimita 15 kutoka ardhini hadi uvunguni. Ikibeba watu wanne na gunia la mkaa inashuka zaidi, na utasikia sampo ikisalimiana na jiwe. Hapo hoja ya gari la juu ni ya kweli na simcheki mtu anayeitoa.

Ila tazama namba. RAV4 na Harrier zina sentimita 18 au 19 hivi. Rush, yenye upana ule ule wa IST na urefu wa mita 4 tu, ina 20. Gari jembamba la cc 1,495 liko juu kuliko Harrier! Kasoro zake nazo zisifichwe: inarukaruka kwenye lami, buti lake linajaa haraka, na spea zake hazijazagaa kama za IST ambazo kila duka la Gerezani linazo. Magari yake pia yamezeeka, maana Japani walilitengeneza hadi 2016, kwa hiyo ile asilimia ya uchakavu huikwepi. Hata hivyo, kwa anayekaa Madale na kufanya kazi Posta, sijaona jibu lililo karibu zaidi na tatizo lake.

Mvua ndiyo inayowadanganya wenye magari ya juu. Maji yanayokimbia ya kina cha sentimita 30 yanaweza kulisukuma gari dogo, na yakifika 60 yanabeba hata SUV nyingi. Jangwani masika ikichachamaa, kimo hakikusaidii kitu. Kinachokusaidia ni kugeuza. Tena Harrier na RAV4 nyingi zilizopo mjini zinavuta magurudumu ya mbele tu. Muulize muuzaji, kisha chungulia uvunguni nyuma uone kama kuna difu, usisome stika.

Kwenye ajali uzito una maneno yake. Vitz yenye tani moja ikikutana uso kwa uso na Harrier yenye tani moja na nusu na ushee, aliye kwenye Vitz ataumia zaidi. Hiyo ni fizikia. Mtu anayepanda Chalinze kila wiki ana haki ya kulifikiria hilo, ingawa mbele ya semitrela magari yote haya ni madogo. Lakini Dar tunagongana zaidi na walio nje ya gari: waenda kwa miguu, bodaboda, watoto wa shule wanaovuka Barabara ya Mandela. Utafiti wa taasisi ya bima za usalama barabarani ya Marekani, IIHS, wa mwaka 2023, ulikuta magari yenye boneti la zaidi ya kama mita moja kutoka ardhini yana uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 45 wa kumuua mwenda kwa miguu anayegongwa, kuliko yenye boneti la chini linaloteremka. Boneti la chini linampiga mtu mzima miguuni na kumlaza juu yake. La juu linampiga kifuani, na mtoto kichwani. Isitoshe, ukiwa kwenye Prado mtoto wa darasa la kwanza aliyesimama mbele ya bampa unaweza usimwone kabisa. Ukitaka kuthibitisha, kaa siti ya dereva yadini, mwambie mtu aweke ndoo mbele ya gari, kisha mwambie aisogeze mbali na gari taratibu mpaka uione.

Familia kubwa? Hapa ndipo SUV inapoaibika. Harrier ya mita 4.73 inabeba watano. Sienta ya mita 4.10 inabeba saba, ina milango ya kuteleza inayofunguka hata ukibanwa na ukuta, na injini ni ile ya familia ya IST. Iko chini, ni kweli, na haina sura ya bosi. Kwa baba wa Ukonga mwenye watoto wanne, mke na dada wa kazi, anayeishi kando ya lami, nisingefikiria mara mbili.

Heshima nayo ina bei, tusijifanye watakatifu. Walinzi wa mageti ya Masaki wanaipigia saluti Prado na kumuuliza mwenye Vitz anakwenda kwa nani. Gari dogo wenzako watalibatiza beibi woka na utani hautaisha ofisini. Kama unatafuta tenda na wateja wanakupima kwa funguo unazoweka mezani, basi Harrier ni gharama ya biashara, iandike hivyo kwenye hesabu zako. Kama umeajiriwa na mshahara unajulikana hadi na mwenye duka la mtaani, saluti ya mlinzi ni ghali mno.

Kwa hiyo mimi ningegawa hivi. Anayekaa Sinza, Kijitonyama, Upanga au popote lami inapofika mlangoni: Vitz au IST, na IST kama utaliingiza pia kwenye biashara ya abiria wa Bolt. Wa Goba na wenzake wa mabondeni: Rush kwanza, RAV4 kama una watoto wakubwa wanaogombea goti, na RAV4 ya lita 2.0 ukiipata. Harrier ni kwa anayesafiri sana na anayetaka utulivu wa barabara ndefu, kwa sababu hapo ile Camry iliyo ndani yake inaonekana. Prado ni kwa mwenye shamba kweli kweli, Kilombero au Handeni, si kwa mwenye ndoto ya shamba.

Na ile hoja ya "Desemba nakwenda Moshi na familia" isikununulie gari la mwaka mzima. Likodi gari kubwa kwa siku hizo, au panda basi. Wa Dodoma na Morogoro wana treni ya SGR tangu 2024, na hakuna Harrier itakayowafikisha mapema kuliko hiyo bila kuvunja sheria.

Ukishaamua, nenda yadi na futi ya fundi. Pima upana pamoja na vioo vikiwa vimefunguka, maana vipimo vya kiwandani havivihesabu, kisha linganisha na geti lako. Na ukiwa umeangukia Harrier au RAV4 ya lita 2.4, injini zile za 2AZ zina sifa ya kula oili zikishachoka: chomoa dipstiki uangalie kabla dalali hajawasha gari, na ukikuta oili ni mpya inayong'aa, muulize waliongeza lini.